Kiyoyozi Kinadondosha Maji: Dalili, Chanzo, na Lini Uwe na Wasiwasi

AC inayodondosha maji nje ya ukuta mchana kutwa inafanya kazi yake. Ya kutilia shaka ni ile inayopoza vizuri siku yenye unyevunyevu mwingi huku kule nje pakibaki pakavu, maana maji lazima yanakwenda mahali, na huenda mahali hapo ni ndani ya ukuta wako. Kwa hiyo ukiona maji, jiulize kwanza yanatokea wapi, kisha yanatokea wakati gani: AC ikiwa imewashwa, au baada ya kuzimwa. Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi yanatosha kukufikisha kwenye chanzo kabla hujafungua hata kifuniko.

Maji haya yanatoka wapi

Yanatoka kwenye hewa ya chumba. Ndani ya kifaa kilichofungwa ukutani mna koili, yaani mabomba membamba yanayopita katikati ya vipande vya alumini vilivyopangwa karibu karibu. AC ikipoza, koili hiyo hushuka hadi nyuzi kati ya 5 na 12 hivi za Selsiasi. Hewa ya chumba ikipita hapo, mvuke uliomo hugeuka matone, sawasawa na glasi ya maji baridi inavyolowa kwa nje. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi, na mvuke unaozidi hapo hugeuka maji. Ndiyo maana AC ya kawaida ya chumba inaweza kutoa lita 1 hadi 2 kwa saa hewa ikiwa nzito, na siku ya hewa kavu isitoe hata tone.

Kukausha hewa ndiyo kazi iliyozaa mashine hii. Mfumo ambao Willis Carrier aliubuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, Marekani, ulikusudiwa kudhibiti unyevunyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya kuchapa, kwani karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa na rangi hazikai mahali pake.

Matone huteremka kwenye alumini, huangukia trei iliyo chini ya koili, huingia kwenye mpira mwembamba wa kutolea maji, kisha hutoka nje. Katika AC nyingi za ukutani hakuna pampu inayoyasukuma. Yanashuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo kizuizi kidogo kinatosha kuyarudisha nyuma. Na mtu akikuambia kwamba maji hayo ni gesi ya kupozea inayovuja, usimsikilize. Gesi ikivuja hupotea hewani bila kuacha kidimbwi. Inachoweza kuacha ni doa la mafuta.

Maji yanadondoka nje

Kama yanatoka kwenye ncha ya bomba dogo la plastiki, yaache yadondoke. Hakikisha tu hayaangukii njia ya watu, kibaraza cha jirani wala ukutani, kwa sababu lita kadhaa kila siku mahali pamoja huharibu plasta na kuotesha kuvu.

Kama yanatoka kwenye kifaa cha nje chenyewe, tazama pale mabomba mawili ya shaba yanapoingia. Lile nene hurudisha gesi iliyo baridi kwenye kompresa, yaani pampu inayoibana gesi hiyo, hivyo valvu ya bomba hilo hutoa jasho na kudondosha. Ni kawaida. Barafu hapo si kawaida, nitaieleza baadaye kidogo. Kwa AC zinazoweza pia kupasha chumba joto, mambo hugeuka zikiwekwa kwenye hali ya joto: koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi, nayo hutoa maji. Kukiwa na baridi kali hujijengea barafu, na kila baada ya muda mashine huiyeyusha yenyewe. Maji humwagika na mvuke mweupe hufuka. Wengi hushtuka wakidhani inaungua, lakini haijapata hitilafu yoyote.

Maji yanachuruzika ukutani AC ikiwa imewashwa

Hii ndiyo hali inayowapata watu wengi kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni njia ya maji kuziba. AC huwashwa na kupoza vizuri. Nusu saa au saa nzima hupita bila shida, kisha tone la kwanza hujitokeza kwenye pembe ya chini ya kifaa, likateremka na kuacha mstari kwenye rangi ya ukuta. Kuchelewa huko ni ushahidi mzuri: trei ilikuwa inajaa kwanza.

Kinachoziba ni vumbi jembamba lililopenya filta, pamoja na nywele na nyuzi za nguo. Hushikamana na koili yenye maji, huoshwa hadi kwenye trei, na humo, penye giza na unyevu, bakteria na kuvu huzaliana. Matokeo yake ni ute mzito wa kijivu au kahawia, unaoteleza na wenye harufu ya uvundo. Hukaa hasa pale mpira unapoungana na trei, na kwenye kila kona ya bomba. Huko nje nako tundu lenye kivuli na maji huvutia wadudu. Nyigu huliziba kwa udongo, na buibui huweka utando.

Kabla ya kuzibua chochote, toka nje ukatazame ncha ya bomba. Watu huweka ndoo au dumu la kukingia maji, ndoo ikajaa, ncha ya bomba ikazama. Hewa iliyonaswa katikati ya bomba hukosa pa kutokea, na maji yaliyo nyuma yake husimama. Inua ncha iwe juu ya maji. Huenda tatizo likaisha hapo hapo. Angalia pia kama bomba limekunjika, limebanwa na kitu, au lina sehemu inayopanda kabla ya kushuka. Linatakiwa kuteremka njia nzima, angalau sentimita 1 kwa kila mita.

Kama ncha iko wazi na bado maji hayatoki, zibua hivi. Zima AC kwa rimoti, kisha kata umeme wake kwenye swichi kuu. Tafuta mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kufyonza na maji pia, kwa kuwa ile ya vumbi tupu itaharibika na inaweza kukupiga shoti. Weka mdomo wake kwenye ncha ya bomba kule nje, zungushia kitambaa kilicholowa ili hewa isipite pembeni, uiache ivute kwa dakika 2 au 3. Kizibo kikiachia utasikia mlio wa mashine ukibadilika ghafla, na ukifungua tangi lake utaukuta ute umetoka mapande mapande pamoja na maji ya trei.

Fyonza, usipulize. Hewa ya kompresa ya upepo, kama ile ya kujazia matairi, ikiingizwa kwa nguvu kutoka nje inaweza kuchomoa mpira kwenye trei, tena mahali usipopaona, na maji yakaanza kumwagika ndani ya ukuta. Hata usipochomoka, uchafu wote unarudi kwenye trei na baada ya siku chache unaziba tena.

Kisha pima. Umeme ukiwa bado umekatwa, fungua kifuniko, toa filta, na mimina nusu lita ya maji taratibu kwenye sehemu ya chini ya koili ili yaingie kwenye trei. Kaa mbali na sanduku la umeme, ambalo katika AC nyingi za ukutani liko mkono wa kulia. Mtu mwingine akae nje aangalie: maji yanatakiwa kutoka mfululizo, si tone moja moja. Yakitoka vizuri nje na bado mengine yanaonekana ndani, trei imepasuka au mpira umechomoka, na hiyo ni kazi ya fundi, kwa kuwa kifaa lazima kiteremshwe au kifunguliwe.

Kusafishia bomba, siki nyeupe inatosha: mimina kikombe kimoja kwenye trei, iache nusu saa, kisha isuuze kwa maji. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini iache kabisa. Klorini inakula alumini ya koili, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu, nawe uko chumba kimoja nayo.

AC ikizimwa ndipo maji yanamwagika

Hapa kuna barafu. AC imefanya kazi usiku kucha bila tone, pengine upepo wake umekuwa ukipungua kidogo kidogo, na asubuhi ikizimwa sakafu inalowa. Kilichotokea ni kwamba koili ilishuka chini ya nyuzi 0, maji yakaganda juu yake badala ya kuteremka. Barafu ikazuia hewa kupita, na hewa ilipopungua koili ikazidi kuwa baridi. Ukizima, barafu yote huyeyuka kwa mkupuo, tena nyingine nje ya usawa wa trei, na trei haiwezi kuimudu.

Ukikuta barafu, usiikwangue kwa kisu wala bisibisi. Mabomba ya koili ni membamba, na tundu moja dogo linamaliza gesi yote. Iweke AC kwenye hali ya feni peke yake, au izime kabisa, tandika taulo na beseni, na usubiri. Kuyeyuka kunaweza kuchukua saa kadhaa. Usiendelee kupozea chumba ikiwa na barafu ukidhani itapona yenyewe, maana gesi huanza kurudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika, na kompresa imeundwa kusukuma mvuke tu. Hivyo ndivyo filta chafu inavyokuja kuua sehemu ghali kuliko zote.

Barafu ikiisha, anza na filta. Itoe, iinue kuelekea mwanga. Kama huoni mwanga ukipita, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikauke kivulini, ndipo uirudishe. Kwa AC inayotumika kila siku, kuosha filta kila baada ya wiki 2 hadi 4 si kuzidisha. Ukishaitoa, mulika koili iliyo nyuma yake kwa tochi. Vipande vya alumini vikiwa vimefunikwa na tabaka la vumbi mithili ya kitambaa, kuosha filta peke yake hakutasaidia. Mulika pia feni, lile bomba refu lenye mapezi linalozunguka nyuma ya tundu la kutolea hewa. Mapezi yakijaa uchafu hayasukumi tena hewa ya kutosha, hata kama yanazunguka kwa kasi.

Kama filta ni safi, koili ni safi, feni inapuliza kwa nguvu na barafu bado inarudi, basi gesi imepungua. Gesi ikipungua shinikizo hushuka, na shinikizo likishuka baridi ya koili huzidi mahali pale gesi inapoingilia. Ndiyo maana utaona barafu upande mmoja tu wa koili, huku upande mwingine ukiwa mkavu na wenye uvuguvugu. Dalili nyingine ni barafu kwenye bomba jembamba la shaba kule nje, chumba kinachochelewa kupoa, na doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye viungo vya mabomba. Mafuta hayo husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo yanapoonekana ndipo gesi inapotokea.

Kuna sababu moja ambayo watu huisahau: kupoza chumba wakati nje kuna baridi. AC nyingi hazikuundwa kupoza hewa ya nje ikiwa ya baridi sana, na zikilazimishwa koili ya ndani huganda hata kama kila kitu ni kizima.

Matone yanarushwa na upepo, au mabawa ya kuelekeza hewa yanalowa

Hapa huenda njia ya maji ni nzima kabisa. Mlango au dirisha lililo wazi linaingiza hewa yenye unyevu bila kikomo, nayo ikigusa plastiki iliyopoa sana inaacha umande. Hali huwa mbaya zaidi AC ikiwekwa nyuzi 16 na feni ikiwekwa polepole kwa saa nyingi, au mabawa yakiachwa yakitazama chini kabisa. Funga madirisha, panda hadi nyuzi 24 au 25, ongeza kasi ya feni, elekeza mabawa juu kidogo. Matone yakiendelea hata chumba kikiwa kimefungwa vizuri, feni yenyewe ni chafu: uchafu ulio juu ya mapezi hunywa maji na kuyatupa mbele yako.

Inavuja tangu ilipofungwa au kuhamishwa

Usihangaike na filta. Weka pima maji juu ya kifaa: kinatakiwa kiwe sawa, au kilalie kidogo sana upande wa tundu la maji. Kikilalia upande wa pili, trei inamwaga kabla mpira haujapata maji. Kisha tazama tundu la ukutani ambamo mabomba yanapita. Lisipozibwa, hewa ya nje yenye joto na unyevu huingia nyuma ya kifaa na kugeuka maji kwenye mgongo wake wa baridi, ukuta ukalowa ilhali trei iko safi. Mwisho angalia sponji inayofunika mabomba ya shaba. Popote ilipokatwa au kuchanika bomba litatoa jasho, na mpira wa maji unaopita ndani ya dari nao unahitaji sponji yake. Haya yote ni makosa ya ufungaji. Aliyefunga ndiye anayepaswa kurudi kuyarekebisha.

AC inabwabwaja

Mlio wa maji yanayochemka ndani ya kifaa, hasa feni ya jikoni au ya bafuni ikiwashwa, maana yake ni kwamba nyumba imefungwa sana na feni hiyo inavuta hewa kupitia bomba la maji la AC. Hewa inayopanda inagombana na maji yanayoshuka, na yakishindwa yanafurika. Fungua dirisha kidogo usikilize: mlio ukikoma hapo hapo, umepata jibu.

AC za aina nyingine

Ya dirishani inatakiwa ilalie kidogo upande wa nje. Nyingi huacha maji kiasi kwenye sakafu yake makusudi ili feni iyarushe kwenye koili ya moto, kwa hiyo mlio wa maji yanayochapwa si ubovu. Ya kusukumwa kwa magurudumu huwa na tangi, na likijaa hujizima. Ya dari hutegemea pampu yenye boya, na pampu ikifa maji hushuka kupitia dari, mara nyingi doa likitangulia. Dari ikianza kubonyea chini, usilale wala kukaa chini yake.

Zima sasa hivi, maswali baadaye

Maji yakikaribia soketi, swichi au taa. AC ikiangusha swichi kuu mara kwa mara. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukipata mtetemo wa umeme ukiigusa: kata umeme kwenye swichi kuu, si kwa rimoti. Rimoti huiacha AC ikiwa bado na umeme ndani. Kama swichi kuu yenyewe imelowa, usiiguse, na mwite fundi umeme. Hata ukishakata, usifungue sanduku la umeme, kwa kuwa kapasita, kipande kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji.

Maji ya trei usiyanywe wala kuyapikia, hata yakionekana meupe. Yamepita kwenye vumbi, kuvu na metali. Kudekia sakafu au kumwaga chooni yanafaa.

Ukilazimika kuita fundi wa gesi

Gesi ya AC haiishi kwa matumizi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna tundu. Fundi anayekuja kila msimu kuongeza gesi bila kutafuta inakovujia anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara, na kinachovuja kinaongeza joto la dunia. Mwombe apime uvujaji kwa kujaza naitrojeni yenye shinikizo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo, azibe tundu, avute hewa yote kwa pampu maalumu, kisha ajaze gesi kwa mzani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha kifaa cha nje. Soma kibandiko hicho nawe mwenyewe. Kama kimeandikwa R32 gesi hiyo inaweza kuwaka, na R290 ni propani inayowaka kwa urahisi zaidi, hivyo hakikisha mabomba yamemalizwa gesi na madirisha yamefunguliwa kabla hajawasha moto wa kuchomelea.